Saa ya lori hupangwa na mwenye duka

Tarehe 24 Februari 2014 jiji la Manila lilianza kuyafungia malori makubwa barabara zake tangu saa 11 alfajiri hadi saa 3 usiku, siku zote isipokuwa Jumapili na sikukuu. Meya alikuwa Joseph Estrada, rais wa zamani wa Ufilipino, mwanasiasa aliyeijua vizuri hasira ya mpigakura aliyekwama kwenye foleni. Wenye malori waligoma. Jiji likawaachia upenyo wa mchana, saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri, lakini amri yenyewe ikabaki. Mwenye gari dogo aliyepita mjini katika wiki zile za kwanza alikuwa na kila sababu ya kuipongeza.

Kisha bandari ikaanza kujaa. Makasha yaliyoshushwa melini hayakupata lori la kuyatoa kwa wakati, na makasha matupu yaliyotakiwa kurudi hayakupata njia ya kurudi. Meli zikasubiri nje, kampuni za meli zikaongeza tozo ya msongamano, na gharama hiyo ikamfikia mnunuzi wa mwisho. Zuio liliondolewa Septemba mwaka huohuo, na serikali ya Rais Benigno Aquino ikalazimika kuzitambua bandari za Batangas na Subic kama nyongeza ya bandari ya Manila ili kuupunguzia mzigo uwanja uliokuwa umeelemewa.

Hesabu iliyoiangusha Manila ni nyepesi, na yeyote anayetaka kugusa saa za malori katika mji wenye bandari anapaswa kuifanya kwanza. Chukua uwanja wa bandari wenye nafasi ya makasha 10,000. Kila kasha likikaa siku tano kabla ya kuondoka, uwanja huo unapitisha makasha 2,000 kwa siku. Kasha likikaa siku kumi, uwanja uleule, wenye winchi zilezile na wafanyakazi walewale, unapitisha 1,000. Hakuna kilichoharibika wala aliyezembea. Lori lililokuwa likienda safari mbili kwa siku sasa linaenda moja, na nusu ya uwezo wa bandari imepotea bila mtu yeyote kuigusa bandari yenyewe.

Naileta habari hii kwa sababu wazo la kuyazuia malori mchana linarudi Dar es Salaam kila foleni inapozidi, na siku zote linakuja likiwa limevaa vazi lilelile: amri, saa, faini. Mimi ni miongoni mwa wanaoliunga mkono. Naamini mitaa ya Kariakoo haipaswi kuwa na semitrela saa 5 asubuhi. Lakini naamini pia kwamba amri inayomwelekea dereva peke yake itashindwa, kwa sababu dereva si mtu anayeamua mzigo ufike saa ngapi. Saa hiyo hupangwa na anayeupokea.

Kwanza tuyatenganishe malori, maana kwenye mjadala huu huwa yanachanganywa. Yako yanayopita na yako yanayoleta. Lori linalotoka bandarini kwenda Zambia, Kongo, Rwanda au Burundi halina shughuli yoyote na jiji. Linaukuta mji umelala njiani. Dawa yake ni kuliondoa mjini kabisa, na kazi hiyo imekwisha kuanza: bandari kavu ya Kwala, wilayani Kibaha, ilizinduliwa Julai 2025 ili makasha yatoke bandarini kwa reli na yakutane na malori nje ya jiji. Kila kasha linalofika Kwala kwa treni ni safari moja iliyopungua Barabara ya Mandela. Hapo jambo la kusimamia ni ratiba ya treni, bei, na saa za ofisi za forodha, maana hati ikitoka saa 9 alasiri na barabara ikafungwa saa 10, lori litalala barabarani hata kama sheria inasema lisiwepo. Mengine yote kuhusu malori ya kupita ni ya wahandisi wa reli.

Malori yanayoleta ndiyo magumu, kwa sababu mji wenyewe umeyaita. Fuso iliyosimama Mtaa wa Kongo ikishusha marobota imeitwa na mtu, mtu huyo ana duka, na duka hilo ndilo linalofanya watu wajae mtaani. Huwezi kumwondoa mmoja ukabaki na mwingine.

Sababu ya kuiondoa Fuso hiyo mchana si foleni kama wengi wanavyodhani. Foleni ya Kariakoo ina wazazi wengi: maegesho, bodaboda, wanaouza barabarani, wanaonunua barabarani, magari ya watu wanaozunguka kutafuta nafasi. Sababu nzito kuliko zote ni mtu anayetembea kwa miguu. Lori refu linalorudi nyuma kwenye mtaa uliojaa watu lina upande mzima ambao dereva hauoni. Utingo anayepiga bodi na kupaza sauti ndiye kifaa pekee cha usalama kilichopo, na anafanya kazi hiyo katikati ya muziki wa maduka, wapagazi wenye mizigo kichwani na mama mwenye mtoto mgongoni. Mitaa ile ilipimwa kwa miraba tangu enzi za ukoloni, haikuandaliwa kwa kasha la futi 40. Linapokata kona kutoka Msimbazi, magurudumu ya nyuma hupita mahali ambapo kichwa hakikupita. Jiji linalojali watu wake halisubiri hesabu ya majeruhi ndipo lichukue hatua.

Sasa tuone kinachotokea amri ikitolewa bila maandalizi. Mzigo hautasubiri usiku. Utagawanywa. Fuso ya tani 10 itasimama pembezoni, tuseme karibu na Ilala au Jangwani, na mzigo wake utaingia mjini kwa kirikuu. Kirikuu ni gari dogo la Kijapani ambalo kwa sheria za kwao halizidi mita 3.4 kwa urefu, na limeundwa kubeba kilo 350. Sisi tunalibebesha maradufu, na zaidi. Hata tukikubali maradufu, tani 10 zinahitaji safari 14 au 15. Yakisimama mstari mmoja, magari 14 yanachukua karibu mita 48 za ukingo wa barabara bila kuhesabu nafasi kati ya gari na gari. Fuso ilikuwa inachukua mita nane au tisa. Ongeza guta na mikokoteni kwa mzigo ambao kirikuu kimeshindwa, na mtaa umepata magari mengi zaidi, madereva wengi zaidi, injini nyingi zaidi, na gharama ya kupakua mara mbili ambayo itaandikwa kwenye bei ya kitenge.

Haya yalitokea kwingine. Eneo la jiji kuu la Manila limekuwa na zuio la saa za msongamano tangu 1978, miaka mingi kabla ya Estrada, na wenye biashara walijibu kwa kununua malori madogo yaliyo chini ya kiwango cha uzito kilichotajwa. São Paulo ilipanua eneo lake la kuzuia malori mwaka 2008 na ikaacha mlango kwa malori madogo ya mjini, yenye urefu usiozidi mita 6.3. Angalau wao waliandika kipimo cha urefu, maana walijua gari dogo litakuja tu na wakataka kuamua liwe dogo kiasi gani. Lakini Machi 2012 jiji hilohilo liliongeza zuio la saa za msongamano kwenye Marginal Tietê, barabara kuu ya kando ya mto, na madereva wa malori ya mafuta wakagoma. Ndani ya siku chache vituo vya petroli vilianza kukauka katika mji mkubwa kuliko yote Amerika ya Kusini. Walioandika amri walikuwa wamewahesabu madereva kama sehemu ya foleni. Waligundua kwamba ni sehemu ya jiko la kila nyumba.

Jaribio ambalo lingepaswa kusomwa na kila afisa mipango miji lilifanyika Manhattan, New York, mwaka 2009 na 2010, likiongozwa na José Holguín-Veras, profesa wa Rensselaer Polytechnic Institute. Yeye hakuanza na amri. Alianza na swali: kwa nini malori yanakuja mchana wakati kila mwenye lori anajua kwamba usiku barabara ziko wazi? Mwenye lori angependa usiku. Angeokoa muda, mafuta na faini za maegesho, ambazo kampuni nyingi za New York huzichukulia kama gharama ya kawaida ya kazi. Jibu likawa kwamba mwenye lori hana sauti. Mteja anataka mzigo mchana kwa sababu mchana wafanyakazi wake wapo na amekwisha kuwalipa. Usiku kwake ni mshahara wa ziada, taa za ziada, mlinzi wa ziada. Faida ya usiku inakwenda kwa msafirishaji na kwa jiji, gharama inabaki dukani.

Kwa hiyo jaribio lilimlipa mpokeaji. Maduka na migahawa iliyokubali kupokea kati ya saa 1 usiku na saa 12 asubuhi ilipewa motisha ya fedha. Malori yakaenda mwendo wa kueleweka, yakapata mahali pa kusimama, yakashusha na kuondoka. Na kilichonivutia zaidi kilikuja baada ya motisha kuisha. Wapokeaji waliokuwa wakiweka wafanyakazi usiku wengi walirudi mchana. Waliokuwa wakimwachia msambazaji ufunguo, aingie, aweke mzigo mahali palipopangwa na kufunga, wengi wao waliendelea. Asubuhi meneja alikuta bidhaa ziko ndani na rafu zinaanza kupangwa mapema. Waliookoa gharama walibaki, waliolipa gharama waliondoka. Huhitaji nadharia ndefu kuelewa hilo.

Hatuhitaji hata kwenda New York. Nenda soko la Mabibo, mahali ambapo wakazi wa Dar es Salaam hupaita Mahakama ya Ndizi. Malori ya ndizi husafiri usiku na kushusha kabla jua halijapanda, na hakuna halmashauri iliyowahi kuyaamuru. Yanafika wakati huo kwa sababu mnunuzi yuko pale wakati huo: mama anayechukua mikungu kupeleka genge lake Sinza au Manzese anataka awe amefika kabla wateja hawajaamka. Nyanya, vitunguu na kabichi huenda kwa mwendo huohuo. Biashara nzima ya chakula kibichi cha jiji hili imekuwa ya usiku na alfajiri kwa miaka mingi, ikiendeshwa na saa ya mpokeaji. Anayedai kwamba Mtanzania hawezi kupokea mzigo usiku hajawahi kununua ndizi kwa jumla.

Sasa rudi Kariakoo uulize: mwenye duka la vitambaa, vyombo au vipuri anazuiwa na nini?

Kinachomzuia kwanza ni kuhesabu. Mzigo mwingi wa Kariakoo hauji na msimbo wa kusomwa kwa mashine. Unakuja kwa robota, katoni na gunia, na mwenye mali husimama pale akihesabu, mara nyingi yeye mwenyewe au mtoto wa ndugu yake. Kumwachia dereva ufunguo, kama wale wa Manhattan, ni kumwomba aweke mtaji wake wote mikononi mwa mtu ambaye hana mkataba naye. Wengi wana mkopo juu ya mzigo huo. Katoni kumi zikipotea hakuna bima ya kumfidia, na kituo cha polisi kitamuuliza ana uthibitisho gani kwamba zilikuwemo.

Kuna pia kodi, jambo ambalo wataalamu wa usafiri hupenda kuliruka. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, na miongoni mwa malalamiko yao makubwa yalikuwa usajili wa stoo na kamatakamata ya maofisa wa kodi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikwenda kukutana nao Mnazi Mmoja. Mwaka uliofuata, Juni 2024, walifunga tena. Mzigo unaposhuka ndipo risiti inapokaguliwa, kwa hiyo saa ya kushusha inakuwa saa ya woga. Mfanyabiashara anayeamini kwamba usiku atakabiliana na ofisa peke yake, bila majirani, bila mhasibu wake na bila kiongozi wa jumuiya, atataka kushusha mchana kweupe hata ukimpa maegesho bure. Mtu akija na mpango wa usiku ambao Mamlaka ya Mapato haikukaa mezani kuupanga tangu siku ya kwanza, mpango huo una tundu ambalo lori linaweza kupita.

Halafu wapagazi. Kazi yao hulipwa kwa mzigo, na inategemea kuwa watu wengi wanahitaji mabega kwa wakati mmoja. Ukihamisha kushusha kwenda saa 5 usiku umemhamisha mpagazi pia. Atakula wapi, maana mama lishe amefunga? Atarudi vipi Mbagala au Gongo la Mboto saa 9 usiku, wakati daladala zimekwisha na bodaboda itakula nusu ya alichopata? Malipo ya usiku yasipopanda, watakaokuja ni wachache na wanaokuja watachoka, na mzigo mzito kwenye ngazi yenye giza ni hatari ambayo haihitaji maelezo. Mipango ya usafirishaji huandikwa kana kwamba lori hujishusha lenyewe.

Na zipo bidhaa ambazo hazitahamia usiku hata ukiwabembeleza wenyewe. Kenta ya soda inapozunguka Buguruni na Tandika hupita maduka mengi ya mtaani, na kwenye kila duka lazima mwenyewe awepo: atoe kreti tupu, apokee zilizojaa, alipe. Duka hilo likifungwa saa 4 usiku limefungwa. Hapa zuio la mchana lisiguse kitu. Gari lenyewe si kubwa, husimama kwa muda mfupi, na mitaa hiyo haina msongamano wa Kariakoo. Sheria nzuri hujua mahali pa kunyamaza.

Nimesema usiku kana kwamba usiku hauna wenyewe. Kariakoo ni makazi pia. Juu ya maduka kuna ghorofa zenye familia, na mtoto wa darasa la nne anayeamka saa 11 ana haki kubwa zaidi ya kulala kuliko robota la khanga lilivyo na haki ya kushuka. Ugomvi huu ni wa zamani kuliko injini. Sheria inayohusishwa na Julius Caesar, ya karne ya kwanza kabla ya Kristo, ilizuia mikokoteni ya mizigo ndani ya Roma tangu jua kuchomoza hadi saa 10 alasiri, kwa hesabu ya saa inayoanza asubuhi kama yetu. Iliruhusu iliyobeba vifaa vya kujengea mahekalu na kazi za umma. Vizazi kadhaa baadaye mshairi Juvenal aliandika kwamba kelele za magari kwenye vichochoro zinawanyima watu usingizi, na kwamba huko Roma ni tajiri tu anayeweza kulala. Waliupata mtaa mchana, wakaupoteza usiku.

London ililipima jambo hilo na kuamua kinyume. Tangu 1985 malori makubwa, leo yale yanayozidi tani 18, yamewekewa mipaka usiku, saa 3 usiku hadi saa 1 asubuhi, na kuanzia Jumamosi saa 7 mchana hadi Jumatatu asubuhi, nje ya njia maalumu zilizotengwa. Shabaha ilikuwa usingizi. Michezo ya Olimpiki ya 2012 ilipofika, jiji lililazimika kuwashawishi wasambazaji wapeleke mizigo usiku, na likatoa maelekezo ya namna ya kufanya kazi hiyo kimya. Kwa hiyo London imejaribu pande zote mbili, na lililobaki si swali la mchana au usiku, ni swali la kelele kiasi gani.

Kelele inapimika. Uholanzi, kupitia mpango wake wa PIEK, iliweka kiwango cha desibeli 60 kwa upakuaji wa usiku, zikipimwa umbali wa mita 7.5. Watengenezaji wakaanza kutafuta mikokoteni yenye magurudumu laini, sakafu za lori zenye mpira, ngazi za kupakulia zisizogonga. Barcelona ilifanya majaribio na mtandao wa maduka ya Mercadona kuanzia 2003: malori mawili makubwa ya tani 40 usiku yalichukua nafasi ya safari saba za mchana, sakafu zikatandikwa zulia na wafanyakazi wakafundishwa kutopiga kelele. Angalia hesabu hiyo inavyokwenda kinyume na ya kirikuu. Usiku uliopangwa vizuri unaruhusu gari kubwa, na gari kubwa linapunguza idadi. Mchana uliozuiwa vibaya unazaa gari dogo, na gari dogo linazidisha idadi.

Kuna onyo moja la kihandisi hapa. Majaribio ya barabara ya AASHO huko Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 huumiza lami mara 16 ya ekseli ya tani 5, na lami haijui kama ni mchana au usiku. Mitaa ya ndani ya Kariakoo haikujengwa kwa viwango vya Barabara ya Morogoro. Tukiruhusu makasha usiku bila mizani, tutamwokoa mtembea kwa miguu na kumletea TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, mahandaki. Kwa hiyo ruhusa ya usiku iambatane na ukomo wa ekseli na wa urefu. Nashauri kipimo cha urefu kiwe cha kwanza, kwa sababu trafiki anaweza kukiona kwa macho, na kinachoonekana kwa macho hakijadiliwi pembeni ya barabara.

Hilo la pembeni ya barabara linastahili kusemwa waziwazi. Kila zuio huzaa vibali, na kila kibali kinachotolewa kwa busara ya mtu mmoja ni soko. Orodha ya magari yanayoruhusiwa mchana iwe fupi na itangazwe ukutani: zimamoto, wagonjwa, maji, taka, umeme, dawa, zege linalomwagwa siku hiyohiyo. Kingine chochote kisubiri. Orodha ndefu itamwacha msafirishaji mdogo mwenye Fuso moja akilipa faini, huku mwenye magari mengi akipita na karatasi yake.

Dar es Salaam inao mtaji ambao Manila hawakuwa nao. Februari 2025 mkoa ulizindua biashara ya saa 24 Kariakoo, na maandalizi yake yaligusa taa na ulinzi. Mazungumzo mengi yalihusu mteja wa usiku, kama atakuja au hatakuja. Mimi naona thamani kubwa zaidi iko kwenye mzigo wa usiku. Mteja anahitaji kushawishiwa mmoja mmoja. Mzigo unahitaji mwenye duka mmoja akubali, na pamoja naye inafuata Fuso nzima.

Ningeanza na mitaa michache tu, labda sehemu ya Kongo, Mkunguni na Sikukuu, kwa miezi sita. Jumuiya ya wafanyabiashara na jiji wapange pamoja stoo ya kupokelea kwa kila kundi la maduka, yenye karani anayelipwa na wote, kamera, na fomu moja inayosainiwa na dereva na karani kwa kila katoni. Karani huyo ndiye ufunguo wa Manhattan kwa mazingira yetu: mwenye duka halazimiki kukesha, na ana ushahidi. Mamlaka ya Mapato itie saini kwamba ukaguzi wa nyaraka za mzigo wa usiku utafanyika asubuhi, stoo, mbele ya mwenye mali. Ada ya kushushia iwe bure usiku na iwe ghali mchana, na fedha ya mchana ilipie basi la wapagazi la saa 9 usiku pamoja na nyongeza yao. Makasha ya futi 40 yafunguliwe nje ya Kariakoo, na kutoka hapo mzigo uingie kwa Fuso iliyojaa, usiku. Ghorofa zinazokaliwa zipate namba ya kupiga simu kelele zinapozidi, na msambazaji anayelalamikiwa mara kwa mara apoteze nafasi yake ya usiku.

Semitrela zizuiwe mchana kwenye mitaa hiyo baada ya stoo kufunguliwa, siyo kabla. Mpangilio huu wa hatua ndio Manila waliukosa. Walifunga barabara Februari na kuanza kutafuta pa kuweka mzigo mwezi wa tisa.

Na watakaopima mafanikio wasihesabu malori peke yake, maana idadi ya malori itashuka hata mpango ukifeli. Wasimame kwenye kona za Msimbazi na Uhuru wahesabu kila chombo kinachoingiza mzigo: Fuso, kenta, kirikuu, guta, bajaji ya mizigo, mkokoteni, bodaboda iliyofungiwa marobota mawili. Waulize bei ya kubeba katoni moja hadi dukani, kabla na baada. Kama baada ya miezi sita jumla ya vyombo imepanda na katoni imekuwa ghali, zuio lisitishwe mitaani humo hadi stoo zifanye kazi, na lisipelekwe mtaa mwingine wowote.